Kwa Aliyemkopesha Mwenye Moshi

Tulikuwa wanne. Nawataja kwanza, maana kila nikianza habari za Nairobi kuna mtu ananikatiza: "Huyo ni nani tena, Bibi Tatu?" Leo msinikatize.

Wa kwanza mie mwenyewe, Tatu binti Mwinshehe, Mzaramo wa hapa hapa Chanika, mjane wa Salumu Kondo. Wa pili Mwalimu Ndeshi, Mchaga wa Rombo, mwanamke mwenzangu na jirani yangu. Yeye amestaafu ualimu ila ualimu haujamstaafu. Wa tatu Hamisi Nandonde, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago, banda lake liko katikati ya kisima changu na ukuta wa kiwanda. Wa nne Doroth, wakili wetu. Doroth ana digrii zake, lakini aliyemfundisha kusoma ni Mwalimu Ndeshi, kwa hiyo Mwalimu akisema "kaa," wakili anakaa.

Wa tano hakuwa mtu. Ilikuwa chupa ya maji ya kisima changu, nimeiviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Shule yangu mie mnaijua, darasa la pili na kisomo cha watu wazima. Herufi zote nazifahamu ila hazipendi kukimbizwa. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Mwalimu Ndeshi kanitilia nukta na herufi kubwa. Uongo kama umo, ni wangu.

Kilichotupeleka wengi mnakijua, ila wa Tegeta na Temeke wataka kuelezwa. Alipofariki Mzee Salumu, mie na wanangu tulimchimbia kisima cha sadaka. Maji bure, mwenye ndoo aje na ndoo, mwenye kopo aje na kopo, na kila anayekata kiu, thawabu inamfuata marehemu kaburini. Miaka ikaenda, watu wakachota. Kisha upande wa juu pakajengwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Moshi wake ulikuwa unatua juu ya kamba za nguo. Wakaanza kufa kuku wa Hamisi. Wakafuata watoto kuugua matumbo na kulegea, na zahanati wakatuambia maji yale yana madini ya risasi, tusiyanywe. Nikatia kufuli. Sadaka yenye kufuli, mshawahi kusikia? Ufunguo naning'iniza shingoni kama hirizi.

Meneja wa kiwanda alisema wenye mali wako Nairobi. Wenye mali wakasema wao wamejenga kwa mkopo, na mkopeshaji aliridhika na kila kitu. Mkopeshaji kwao Ulaya, ofisi yake ya huku iko Nairobi, na ndani ya ofisi hiyo kuna dawati la watu wanaodai wameumizwa na mikopo yake. Doroth akagundua kuwa fungu la pili la mkopo liko njiani, kiwanda kipanuliwe kiwe mara mbili. Tukaitwa kusikilizwa kabla halijatoka. Tulikwenda kulizuia fungu lile. Hilo tu. Ya pasipoti na foleni zake siwasimulii, yaliniuma kiuno mara moja yanatosha.

Chanika hadi stendi ya Mbezi

Mngeniona asubuhi ile mngedhani nakwenda Hija. Ndugu wamejaa uani, dua imesomwa, na mie nimevaa viatu vipya alivyoniletea binti yangu Mwajuma. Viatu vizuri, ila vilikuwa na ugomvi na vidole vyangu tangu siku ya kwanza. Nimebeba mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, vitumbua, ndimu na mkeka.

"Bibi Tatu, mkeka wa nini?" Mwalimu Ndeshi akauliza.

"Huko ugenini tutakaa wapi?"

"Kwenye viti! Nairobi kuna viti!"

Mkeka ukabaki. Mnikumbushe baadaye, maana niliujutia.

Wiki nzima Mwalimu alikuwa amenikaririsha hotuba. Inaanza hivi: "Waheshimiwa, kwa heshima na taadhima." Nilikuwa naisema nikifagia, nikikuna nazi, nikitawadha. Hamisi akaniambia hata mbuzi yangu ya kukunia nazi imeshaihifadhi. Nilijivuna sana. Nilijiona mie ndio mie, nikisimama tu kule Nairobi watu watalia.

Gari la kukodi likaja, tukatoka, tukafika karibu na Pugu nikakumbuka nimeisahau chupa. Shahidi mwenyewe tumemwacha nyumbani! Tukarudi. Doroth alikuwa anatazama saa yake tu kama mtu anayemtazama mgonjwa. Foleni ya Gongo la Mboto ikatupokea kwa mikono miwili. Tulipofika stendi konda alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Basi lilikuwa linakusubiri wewe tu, kama bi harusi."

"Marahaba. Bi harusi mwenyewe viatu vinambana, nishike mkono."

Mbezi hadi Arusha

Nilikaa dirishani. Nikamwambia Doroth kwamba mie basi halinisumbui, watu wanaotapika ni wale wasiokula. Kwa kuhakikisha hilo nikala mihogo, nikala samaki, nikala na vitumbua. Chalinze hatukuimaliza. Niseme tu kwamba ndimu nilizibeba kwa akili, na mfuko wa vitumbua ulipata kazi ya pili.

Korogwe tukashuka kula. Mie kula sikutaka tena, nikaenda kujisaidia. Niliporudi nikaliona basi letu, rangi ile ile, maandishi yale yale ubavuni, nikapanda, nikaenda kwenye kiti changu. Nikakuta mtu mnene kakaa kiti cha Hamisi anakula yai.

"Baba, hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mama?"

"Hamisi Nandonde. Mmakonde. Inuka."

Yule baba, Mungu amweke, aliitwa Elisante, akainuka na yai lake, akasimama. Nikajinyoosha. Nikaanza hata kusinzia. Ndipo nikasikia sauti ya Mwalimu Ndeshi dirishani, kutoka nje, ile sauti ya kuitia watoto mstarini: "Bibi Tatu! Hilo linakwenda Dar!"

Nilimwomba radhi Elisante. Akaniambia, "Hakuna neno mama, nilikuwa nimechoka kukaa." Watu wema bado wapo.

Same akapanda Mpare mmoja, Bwana Mbonea, mfupi, koti kubwa, akakaa karibu na Mwalimu Ndeshi. Hawakujuana. Wakasalimiana, wakaulizana wametoka wapi, na hapo hapo Mwalimu akabadilika.

"Ahaa, Mpare! Shika mikoba yenu jamani, na mwenye kuku amfiche. Huyu anauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku."

"Na wewe Mchaga," Mbonea naye, "mkono wako uko mfukoni mwangu au nimeota?" Huku keshachukua samaki wangu niliyemwachia Mwalimu, anatafuna.

Doroth alishtuka, watoto wa siku hizi mambo haya yanawapita. Nikamweleza. Huu ni utani. Makabila yaliyotaniana tangu enzi za mababu yana ruhusa, mtani anakutukana na hukasiriki, anakula chako na humdai. Wachaga na Wapare. Sie Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi, waliokuwa wanashuka pwani na misafara. Na utani mkubwa uko msibani. Wenyewe mnalia, mtani anakuja amevaa kofia ya marehemu, anaigiza anavyokohoa, jeneza likitoka analala mlangoni: halipiti mpaka nipewe changu. Mnampa kitu, hata kidogo, anainuka, mnazika. Bila mtani msiba una machozi tupu.

"Na mtani akisema jambo la kweli?" Doroth akauliza.

"Ndiyo kazi yake. Jambo ambalo ndugu wanaliogopa, mtani analisema, na hakuna wa kumpiga."

Ningejua maneno hayo yatanipeleka wapi, ningemeza ulimi pamoja na vitumbua.

Bwana Mbonea akataka kujua safari yetu. Kusikia kesi, macho yakamwaka. Akauliza tunamshitaki nani. Nikamwambia kiwanda kimejificha nyuma ya wenye mali, wenye mali wamejificha nyuma ya mkopeshaji. Akapangusa vidole kwenye koti.

"Mama, mbwa akikuuma, usibishane na mbwa. Tafuta mwenye mbwa. Na mwenye mbwa akikukimbia, nenda kwa anayemuuzia nyama. Nyama ikikatika, mbwa mwenyewe atamrudia bwana wake."

"Hiyo," Doroth akasema, "nimeisoma mwaka mzima chuoni na hawakuisema vizuri hivyo."

"Chuo chenu hakina Wapare," Mbonea akajibu. Tulipofika Mwanga akashuka na samaki wangu wa pili. Tukaingia Arusha nimevua viatu, miguu imevimba kama maandazi.

Arusha hadi Namanga

Tukalala nyumba ya wageni, na asubuhi tukapanda kosta ya kwenda mpakani. Baridi ile sikuitarajia. Nilivaa kanga zote, na chupa nikaiacha uchi.

Pale Namanga nchi mbili zinakaa jengo moja. Unagongewa mhuri huku, unapiga hatua, unagongewa wa wenzao. Akina Mwalimu wakapita. Mie nikafika mbele ya binti mmoja wa ukaguzi, mpole, kibao chake kifuani kimeandikwa Upendo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu Upendo."

"Hii chupa ina nini?"

Wangekuwa na akili wenzangu wangekuwa wamenifundisha jibu. Wamenifundisha "Waheshimiwa, kwa heshima na taadhima," hawakunifundisha hili. Na mie nimelelewa nisiseme uongo kwa mtoto aliyeniamkia.

"Sumu, mwanangu."

Mnisikilize vizuri. Nilisema neno lile mpakani, mbele ya watu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kuku. Upendo akarudi nyuma. Akaitwa mkubwa wake. Akaitwa mtu wa afya. Nikaketishwa kwenye benchi, chupa ikawekwa mezani peke yake, watu wanaizunguka kama ina jini. Doroth akaja mbio anaeleza, Mwalimu naye anaeleza, wote kwa pamoja, na kila mmoja anamwambia mwenzie anyamaze.

"Bibi, ulitaka kumpa nani sumu hii?" mkubwa akauliza.

"Mkopeshaji," nikasema.

"Bibi Tatu!" Mwalimu akashika kichwa.

Wakati tumekaa pale yakawa yanapita malori. Hamisi alikuwa amesimama dirishani, akaniita kwa kidole. Lori lililokuwa linaingia kwetu kutoka ng'ambo turubai lake limefunuka pembeni. Betri. Betri chakavu za magari, zimepangwa kama matofali.

"Mwanangu Upendo," nikasema, "chupa yangu moja inakaa kituoni, na lile lori zima linapita?"

Binti wa watu akanitazama kwa huruma. "Lile lina karatasi zake zote, Bibi. Chupa yako haina."

Hakunikosea. Alikuwa anafuata kazi yake. Ila Hamisi, ambaye maneno yake huyatoa kama anavyotoa maganda ya mpingo, akasema, "Basi sumu inayotakiwa ni ile iliyosoma."

Tukaachiwa sisi, chupa ikabaki. Upendo aliifunga kwenye mfuko, akaiweka rafuni, akasema tutaichukua tukirudi. Nikaingia Kenya mikono mitupu. Shahidi wangu kazuiliwa kwa kuwa nimeitaja kazi yake.

Namanga hadi Nairobi

Njiani nilijitetea peke yangu moyoni, na kila nikijitetea nilishindwa kesi.

Nairobi ni mji wa watu wenye haraka. Tuliingia mkahawa mmoja, nikaagiza chai ya rangi. Kijana wa kuhudumia, Kamau, akaniangalia.

"Rangi gani, mathe?"

"Rangi ya chai."

Akaondoka anafikiri. Akaniletea chai nyeupe pe, maziwa yamepikwa mpaka yamesahau kama yaliwahi kuona maji. Nikamwambia nataka isiyo na maziwa. "Aah, strungi! Si ungesema!" Nikamwuliza kama ana chapati. Akaniambia ziko, akaniletea na maharagwe, nami naungama mbele yenu kuwa chapati za Nairobi ni laini kuliko zangu. Mwajuma asiambiwe.

Asubuhi yake tukaenda jengoni. Refu, lote vioo. Tukapanda lifti. Mwalimu akanishika mkono. "Hotuba iko?" "Iko." Na ilikuwepo, wallahi. Ilikuwepo mpaka mlango ulipofunguka.

Chumba cha juu

Chumba kina meza ndefu na runinga kubwa ukutani. Ndani ya runinga kuna mama wa Kizungu, Bi Margit, huyo ndiye mkubwa wa kule Ulaya. Ameketi kwake, anatuona, tunamwona. Nilimpungia mkono, akanipungia. Mwisho wa meza yupo bwana wa dawati la malalamiko, mtu mzima, miwani, yeye ndiye alikuwa anamfasiria Margit maneno yetu. Upande wa pili yupo wakili wa kiwanda, kijana mwenye tai ya zambarau. Jina hakulitaja. Katika safari nzima ni yeye pekee nisiyemjua jina, na linaniwasha mpaka leo.

Tai ya zambarau akaanza yeye. Alisema vizuri kweli, ningekuwa na binti wa kuolewa ningempa, mpaka niliposikia anachosema. Kiwanda cha Chanika ni kampuni ya Tanzania, inajitegemea. Wenye mali wa Nairobi wana hisa tu. Mkopeshaji amekopesha tu. Betri chakavu ziko kila gereji ya Dar es Salaam, nani anajua risasi ya kisima imetoka wapi? Kisha akauliza sampuli ya maji iko wapi.

Wote wakanitazama.

"Iko Namanga," Doroth akasema taratibu. "Imezuiliwa."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa ni sumu."

Tai ya zambarau akatabasamu. Bwana wa dawati akaisogeza miwani yake, akasema anasikitika. Bila sampuli, kikao hakina cha kulinganisha. Kwa utaratibu atalazimika kukifunga, na fungu la pili litaendelea kama lilivyopangwa. Labda mama mwenye kisima ana neno la mwisho?

Nikainuka. "Waheshimiwa," nikasema, "kwa heshima na—"

Ikaishia hapo. Yote iliyobaki iliniruka. Nikaona nazi, nikaona mbuzi, nikaona ufagio, hotuba sikuiona. Mwalimu ananisogezea midomo kama samaki. Nikamfikiria Mzee Salumu ananisubiri kule nilete majibu ya kisima chake. Macho yakaangukia kile kibao kilicho mbele ya bwana wa dawati. Nikakisoma herufi kwa herufi, kwa kuwa ndivyo nisomavyo. M-A-G-A-N-G-A.

Maganga! Jina la Kinyamwezi! Mtani wangu kakaa pale na miwani, na mie nahangaika na taadhima!

Jamani, nilifufuka.

"Ala! Maganga!" nikasema. "We Mnyamwezi, ndio wewe? Babu yako alishuka pwani kwa miguu na mzigo kichwani, sie ndio tuliompa maji ya kunywa, leo umepanda lifti hututambui? Babu alibeba pembe, mjukuu anabeba mikopo, na wote mizigo si yenu! Vua hiyo miwani nikuone. Kichwa chenyewe kimekaa kama chungu cha kupikia mlenda!"

Doroth alitoa sauti ndogo. Mie sikusimama. Nikaigiza wakili wa kiwanda, nikashika kanga yangu kama tai: "Mimi nina hisa tu, mimi nimekopesha tu, mimi nimepita tu!" Kisha nikaenda mlangoni, nikavua vile viatu, nikalala chini, nimepaza sauti:

"Jeneza halipiti! Watani hatujapewa chetu!"

Hapo ndipo nilipoukumbuka mkeka. Sakafu ile ni baridi.

Tai ya zambarau akasimama, akaita askari wa mlangoni. Askari akaja, akafungua, mlango ukanigonga ubavu, akaniona, akasema "Pole, shosho," yaani bibi, akaufunga tena. Margit anauliza kule runingani. Maganga akafasiri, sauti yake ngeni: "Anauliza unafanya nini, mama."

"Mwambie huu ni msiba."

Akafasiri. Margit akaegemea mbele. "Anauliza nani amekufa."

"Bado," nikasema. "Ndiyo maana tumewahi."

Maganga akalifasiri lile. Na mie kwa vile nilikuwa tayari chini, na aibu yote nilishaimaliza, nikasema lililokuwa linanikera tangu siku ya kufuli.

"Mama Margit, kisima kile ni sadaka ya mume wangu. Kwetu, mtu akitoa sadaka ya namna ile, amekufa, amelala, lakini kila kikombe anachokunywa mwenye kiu, fungu lake linamfikia. Hajui mnywaji, hakuchota yeye, lakini linamfikia. Sasa nyie mmekopesha. Mko mbali, hamkuwasha moto, hamkumwaga kitu. Lakini faida ya kila betri inayoyeyushwa inawafikia huko mliko, sivyo? Basi kama faida inaijua njia ya kwenu, na kikombe cha mtoto aliyelegea kiijue hiyo hiyo."

Maganga akafasiri polepole, akirudia maneno mengine. Kisha akavua miwani.

"Mama, inuka kwanza. Mimi si Mnyamwezi. Mimi ni Mtaita wa Voi. Huo utani kwetu sisi na nyinyi haupo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila nilikuwa nimeshalala, na chini yangu palikuwa na ghorofa nyingine. Nimemtukana mtu wa watu kichwa, babu na mzigo, na hakuwa na ruhusa ya kutukanwa! Mwalimu Ndeshi alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Hamisi anatikisika mabega, sijui kwa kikohozi, sijui kwa kicheko.

"Nisamehe, baba," nikasema kutoka chini. "Kwenye kibao nilisoma Maganga."

"Ndilo jina langu. La babu." Akainama mezani anione. "Hicho anachopewa mtani ili ainuke, ni nini?"

"Hayo hayamo kwenye ajenda," tai ya zambarau akasema.

"Nimemuuliza mama."

Nikakaa kitako. "Kidogo tu, baba. Fungu lile lisipite mpaka kisima kipimwe, na wapimaji tuwakubali sote, sie, kiwanda na nyie. Ikionekana sina haki, nitakuja kukuomba radhi tena, kwa miguu, kama babu yako. Yaani babu wa yule mwingine."

Doroth akapata pumzi hapo. Alisimama akasoma kanuni ya mkopeshaji mwenyewe, kwamba fungu halitolewi kama majirani wa mradi hawajasikilizwa, na akauliza: majirani wamesikilizwa kabla ya leo? Maganga akapekua, akasema hapana. Margit akasema jambo fupi. Maganga akafasiri: "Anasema leo amesikia. Fungu linasimama mpaka maji yapimwe."

Nikainuka. Peke yangu sikuweza, Maganga ndiye aliyenipa mkono.

Kurudi

Namanga Upendo alikuwepo. "Bibi, sumu yako hii hapa." Akanipa kwa mikono miwili, kama mnavyowapa wakubwa. Niliipokea, na safari hii alipokuja mwenzie kuuliza ni nini, nikamwambia, "Mwulize wakili." Nimejifunza kitu.

Njia nzima Mwalimu Ndeshi alikuwa ananisomea hotuba yangu iliyopotea, yote, na taadhima yake, ili nijue nilichokikosa. Hamisi kaanza kuchonga kinyago cha bibi aliyelala mlangoni. Kimenona mno, nimemwambia apunguze.

Msidhani tumeshinda. Kiwanda kipo, moshi upo, na juzi nimefua nimeanua nguo zina vumbi lile lile. Wapimaji wamekuja, wa pande zote, wamechota, wamekwenda, majibu bado. Lakini kule juu, walikopima viwanja vya kupanua, vigingi vimesimama na nyasi zinavipanda. Nikiamka nikaswali huwa navitazama vile vigingi, kisha namwambia Mzee Salumu: bado, mume wangu, usinihesabie deni.

Sasa nyie mliokuwepo, Mwalimu, Hamisi, Doroth, na wewe Elisante kama haya yatakufikia, nilipokosea nisahihisheni. Labda ni Same, labda ni Korogwe, Mbonea alipopanda. Labda sikusema mlenda, nilisema kisamvu. Anayelijua jina la yule kijana wa tai ya zambarau aniletee, nitamshukuru sana. Mlango wangu hauna kufuli, njooni saa yoyote, chai ya rangi itakuwepo.

Ila mkija, kila mtu aje na maji yake ya kunywa.